Vidole Vitano, Soketi Moja: Mkono wa Bioniki na Raha ya Anayeuvaa

Korona, mashine inayokwangua majani ya mkonge hadi zibaki singa, haitofautishi jani na mkono. Morogoro ina mashamba ya mkonge, ina viwanda vya sukari vya Kilombero na Mtibwa, ina mashine za kusaga na kukoboa karibu kila penye watu, na ajali za aina hiyo si ngeni kwake. Siku hizi bodaboda nazo zimeongeza hesabu. Wapo waliozaliwa bila kiganja, wapo walioungua wakiwa wadogo baada ya kifafa kuwaangusha motoni, wapo waliofungwa banzi zilizokazwa mno hadi damu ikakatika na mkono ukaoza. Na wapo Watanzania wenye ualbino waliokatwa mikono na binadamu wenzao. Sababu ni nyingi, lakini wote huishia na kigutu, na swali la nini kivikwe juu yake.

Picha za mikono ya bioniki zinazozunguka kwenye simu zinatoa jibu rahisi. Vidole vyeusi vinavyong'aa vinashika yai bila kulivunja, vinafunga kamba za viatu, vinapiga piano. Anayezitazama huamini kwamba kilichobaki ni kutafuta fedha tu. Ukweli una safari ndefu zaidi. Mkono wa bioniki huongeza raha na kuridhika kwa mvaaji, hilo lina ushahidi. Ila raha hiyo inaanzia pale plastiki inapogusa ngozi. Inategemea muda uliopita tangu mtu akatwe, kama aliulizwa anautaka mkono kwa kazi gani, na umbali wa kumfikia fundi. Mota na kompyuta huja baada ya hayo, na pale ambapo hayo hayapo, mkono wa bei mbaya huishia juu ya kabati.

Wa sura, wa waya, wa umeme

Mikono bandia ina makundi makuu matatu. Wa kwanza ni mkono wa sura. Haushiki kitu; unajaza shati na kumpunguzia mwenye nao macho ya watu. Ni mwepesi, na hauna mota wala waya wa kuharibika. Wapo wanaouvaa miaka nenda rudi wakaridhika nao, kwa sababu walichokitaka ni kupita sokoni bila kila mtu kugeuza shingo.

Wa pili unaendeshwa na mwili wenyewe. Mkanda hupita kwenye kwapa la upande wa pili, ukazunguka mgongoni na kuungana na waya unaoshuka hadi kwenye kulabu au kiganja. Mvaaji akisukuma bega mbele, waya unavutika na kulabu inafunguka. Akilegeza, mipira inaifunga. Kulabu ya namna hii ilipewa hataza mwaka 1912 nchini Marekani. Mvumbuzi wake, D. W. Dorrance, alikuwa amepoteza mkono kwenye kiwanda cha mbao. Zaidi ya miaka 100 baadaye bado inatumika, na si kwa umaskini peke yake. Inavumilia vumbi na maji, na mvutano wa waya humwambia mvaaji ameshika kwa nguvu kiasi gani. Ubaya wake ni ule mkanda: unachubua kwapa, unabana mishipa ya fahamu, na mtu anayefanya kazi akiwa ameinua mikono juu hupata taabu kuvuta waya.

Wa tatu ni wa umeme, na hapo ndipo bioniki ilipo. Msuli unapojikaza hutoa umeme kidogo sana, ambao elektrodi zilizolazwa juu ya ngozi zinaweza kuusoma. Msuli wa kukunja kiganja unaufunga mkono, na ule wa kukikunjua unaufungua. Wataalamu wa Muungano wa Kisovieti waliufikisha mkono wa aina hii kwa wagonjwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Kwa miongo mingi ulibaki kuwa koleo lenye umbo la kiganja: dole gumba na vidole viwili vinafunguka na kufunga, basi. Mwaka 2007 kampuni ya Touch Bionics ya Uskoti iliuza i-Limb, mkono ambao kila kidole kina mota yake. Tangu hapo imekuja mingine: Bebionic, Hero Arm ya Bristol inayotengenezwa kwa mashine ya kuchapa vitu, TASKA ya New Zealand inayohimili maji, na Ability Hand ya Marekani yenye vihisio kwenye ncha za vidole.

Bioniki inaongeza nini

Raha ya kwanza ni kuachana na mkanda wa begani. Aliyekatwa chini ya kiwiko anauvaa mkono wa umeme bila kujifunga kifuani, akanyoosha mkono juu, akainama, akageuka, bila waya kumvuta. Kwa mtu aliyeteseka miaka na kwapa lililochubuka, hilo peke yake ni tofauti kubwa.

Raha ya pili ni namna za kushika. Mkono wenye vidole vinavyojitegemea hujikunja kufuata umbo la kitu. Unashika kikombe kwa kukizunguka, ufunguo kwa ubavu wa kidole, sindano kwa ncha mbili. Mvaaji halazimiki tena kupinda bega na mgongo ili koleo lake lifike mahali linapotakiwa. Waliopoteza mkono mmoja hulalamika sana juu ya maumivu ya shingo, mgongo na bega la mkono mzima, kwa kuwa mkono uliobaki hubeba kazi za miwili. Kila kazi ambayo mkono bandia unaipokea kwa haki ni mzigo uliopungua upande wa pili.

Raha ya tatu ni ya ndani zaidi. Wengi waliokatwa huendelea kusikia maumivu kwenye kiganja ambacho hakipo. Mwaka 2013 mjini Roma, raia wa Denmark aitwaye Dennis Aabo Sørensen alijaribishiwa mkono uliounganishwa na mishipa yake ya fahamu kwa elektrodi zilizopandikizwa mkononi. Akiwa amefungwa macho alitambua kitu kigumu na laini, cha mviringo na cha pembe. Kazi hiyo ilichapishwa mwaka 2014, na tafiti zilizofuata zimeonyesha kwamba mkono unaorudisha hisia hupunguza maumivu hayo kwa baadhi ya watu na kumfanya mvaaji auone kuwa sehemu ya mwili wake. Huko ndiko bioniki inakoelekea, ingawa mikono mingi inayouzwa leo bado haihisi chochote.

Ya nne ni heshima. Kwetu mkono wa kulia ndio wa kula, wa kusalimia na wa kupokea. Aliyekatwa mkono huo anajifunza upya mambo ambayo hakuna daktari anayemwandikia: ale vipi sinia moja na wenzake, ampe vipi mkono mzee anayemwamkia shikamoo, apokee vipi kitu bila kuonekana amekosa adabu. Mkono unaofunguka na kufunga polepole mbele ya mtu unampa mvaaji kitu cha kutoa. Rangi nayo ni sehemu ya heshima. Kwa muda mrefu glovu za mikono bandia zililetwa kwa rangi za ngozi ya Kizungu, na mtu mweusi akaondoka kliniki na kiganja kilichozidi kumtangaza. Wengine, hasa watoto, hawataki kuigiza ngozi kabisa. Wanataka mkono wa rangi kali unaoonekana kuwa ni chombo. Anayetaka rangi ya ngozi yake na anayetaka rangi kali, wote wana haki, mradi waulizwe.

Kwa nini bado unavuliwa

Kama faida ni hizo, mikono ya bioniki ingekuwa haivuliwi. Takwimu zinasema vingine. Mwaka 2007 Elaine Biddiss na Tom Chau wa Toronto walipitia maandiko ya miaka 25 kuhusu watu wanaoacha mikono bandia. Kwa watu wazima, wastani wa walioukataa mkono wa waya ulikuwa asilimia 26, na wa umeme asilimia 23. Kwa watoto ilikuwa asilimia 45 na asilimia 35. Umeme umeshinda, lakini kwa kidogo. Mwaka 2020 watafiti wa Vienna walichapisha matokeo yao wakiuliza kama uvumbuzi mpya umebadili hali. Katika kundi lao, ambalo wengi walikuwa wamepewa mikono ya umeme, asilimia 44 hawakuwa wakiutumia. Na hiyo ni Austria, nchi yenye bima, mafundi na umeme usiokatika.

Sababu zinazotajwa ni zilezile kila mahali: uzito, joto, jasho, soketi inayobana, na kwamba kazi inafanyika upesi zaidi bila huo mkono. Uzito unahitaji maelezo. Mkono wa bioniki unakaribiana na kiganja cha kweli, karibu gramu 400 au 500. Lakini kiganja cha kweli kimeshikiliwa na mifupa na misuli. Cha bandia kinaning'inia kwenye ngozi ya kigutu. Kadiri uzito ulivyo mbali na kiwiko, ndivyo unavyovuta.

Kwa hiyo macho yahame kutoka vidoleni hadi kwenye soketi, kile kikombe kinachopokea kigutu. Ili kuitengeneza kwa njia ya kawaida, fundi hukizungushia kigutu bandeji ya plasta, akaiacha ikauke na kuivua ikiwa ganda. Ndani ya ganda humimina plasta nyingine, akapata mfano wa kigutu mezani. Kisha anauchonga: anapunguza pale panapoweza kubeba uzito, anaongeza pale ambapo mfupa unachomoza au kovu lina uchungu. Juu ya mfano huo ndipo plastiki inapofinyangwa. Kwa mkono wa umeme kuna kazi ya ziada. Fundi hupapasa mkono taratibu akimwambia mgonjwa akunje kiganja ambacho hakipo, mpaka msuli utetemeke chini ya kidole chake. Hapo ndipo elektrodi itakaa. Ikikosea sentimita moja, mkono utafunguka wakati mwenye nao anataka ufunge. Kigutu kikinywea, au mvaaji akikonda, elektrodi zinaachana na ngozi na mkono wa mamilioni unaanza kuwa kiziwi.

Uvumbuzi uliobadilisha raha kwa kiasi kikubwa kabisa haukugusa vidole. Huko Gothenburg, Sweden, kundi la Max Ortiz Catalan liliunganisha mkono bandia moja kwa moja na mfupa kwa chuma cha titani, na elektrodi zikapandikizwa kwenye misuli na mishipa ya fahamu. Mwaka 2020 walieleza habari za watu wanne wanaoishi na kufanya kazi na mikono hiyo nje ya maabara. Walichofanya ni kuiondoa soketi kabisa.

Biddiss na Chau walitoa matokeo mengine mwaka 2008 ambayo yanafaa kubandikwa kwenye ukuta wa kila kliniki. Waliopewa mkono ndani ya miezi 6 tangu kukatwa, au kabla ya kutimiza miaka 2 kwa waliozaliwa hivyo, walikuwa na uwezekano mara 16 zaidi wa kuendelea kuutumia. Walioshirikishwa kuuchagua, mara 8. Hakuna mota inayodai tofauti ya ukubwa huo, na mambo yote mawili hayahitaji kuagizwa kutoka nje.

Mlimani kuna madai yake

Milima ya Uluguru, mkoani Morogoro, inaupima mkono bandia kwa namna ambayo maabara ya Ulaya haikuifikiria. Mteremko wa mashariki, Kinole na Matombo, hupata mvua inayoweza kupita milimita 2,000 kwa mwaka. Mgeta na Nyandira kuna ukungu na baridi. Morogoro mjini kuna joto. Elektrodi hazipendi pande zote mbili. Ngozi kavu ya baridi hupitisha umeme kwa shida, na jasho likijaa soketi mkono huteleza na ishara zikavurugika. Mikono mingi ya bioniki haitakiwi kuingia majini wala topeni, na betri inataka kuchajiwa karibu kila siku.

Halafu kuna kazi zenyewe. Mkulima wa Mgeta analima kabichi, karoti, njegere na viazi kwenye mteremko ambao jembe ndilo zana na ndilo mkongojo. Mpini unataka mikono miwili, mmoja wa kuongoza na mmoja wa kutia nguvu, na kila pigo linarudisha mtikisiko hadi begani. Gia ndogo za vidole vya bioniki hazikuundwa kwa mtikisiko huo. Mbuzi wa maziwa wa asili ya Norway, ambao Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kiliwaeneza Mgeta, hukamuliwa kwa vidole vinavyobana kwa mfuatano na kuhisi, na mkono usiohisi utamuumiza mnyama. Lakini mkono huohuo unaweza kushika ndoo, kushika kamba, kushika mbuzi kwenye kola, huku mkono mzima ukikamua. Kumenya ndizi za kupika, kushikilia sufuria wakati wa kusonga ugali, kubana kitambaa chini ya sindano ya cherehani: hizi ni kazi ambazo mkono wa kushikilia tu, hata usio na akili, hufanya vizuri.

Ndiyo maana jibu la mlimani mara nyingi ni mikono miwili kwa mtu mmoja: wa shamba na wa shughuli. Wa shamba ni soketi imara yenye kifaa cha chuma kinachonasa mpini wa jembe na kuachia upesi mtu akiteleza. Wa shughuli, kwa harusi, misiba, ibada na dukani, ndio unaoweza kuwa wa sura au wa bioniki. Waluguru huhesabu ukoo kwa mama, na wanawake wengi hulima ardhi inayotoka kwa mama zao. Mwanamke aliyepoteza mkono hakupoteza shamba; amepoteza njia ya kulihudumia. Akiletewa vidole vitano vya umeme bila kuulizwa habari za shamba, amepewa jibu la swali la mtu mwingine.

Karani, mwalimu, fundi simu au mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Mzumbe ana maisha tofauti. Anafanya kazi ndani, umeme upo, vitu anavyoshika ni vidogo na vingi, na anakutana na watu wapya kila siku. Kwake faida za bioniki zinakaa mahali pake. Kwa aliyepoteza mikono yote miwili hoja ni nzito zaidi, kwa kuwa hana mkono mzima wa kujazia pengo. Baadhi ya watoto wa Kitanzania wenye ualbino walioshambuliwa walipelekwa Marekani mwaka 2015 kupewa mikono bandia. Kilichofanyika kilikuwa chema, na pia kilionyesha udhaifu wa njia hiyo. Mtoto anakua, soketi inambana, na aliyeitengeneza yuko ng'ambo ya bahari.

Fundi yuko wapi

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi maskini ni watu 5 hadi 15 kati ya kila 100 wanaohitaji viungo bandia na viungo saidizi wanaovipata, na linapendekeza wataalamu 5 hadi 10 wa fani hiyo kwa kila watu milioni 1. Mkoa wa Morogoro, wenye watu takriban milioni 3.2 kwa sensa ya 2022, ungetakiwa kuwa na wataalamu kati ya 16 na 32.

Tanzania haianzii sifuri. Chuo cha TATCOT, kilichopo kwenye eneo la hospitali ya KCMC, Moshi, tangu 1981, kimefundisha mafundi wa viungo bandia kutoka nchi nyingi za Afrika. Dar es Salaam kuna karakana za hospitali ya CCBRT na Taasisi ya Mifupa Muhimbili. Tangu Juni 2024 treni ya SGR inamfikisha mtu wa Morogoro mjini Dar kwa muda usiofika saa mbili. Kipande kigumu ni kile cha kabla ya stesheni: kushuka kutoka Nyandira au Kinole wakati wa masika, kulipia pikipiki, kulala mjini, kisha kurudi tena wiki mbili baadaye kwa sababu soketi imechubua. Mkono wa kwanza haukai sawa siku ya kwanza. Unarekebishwa mara kadhaa. Kila marekebisho yanapogharimu nauli na siku za shamba, mtu anahesabu, na hesabu humwambia auache. Fundi wetu pia huona miguu mingi kuliko mikono, hivyo ujuzi wa mkono, na zaidi wa mkono wa umeme, unabaki kwa wachache.

Sheria zimetangulia vitendo. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ni ya 2010. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na sheria ya 2008 na kuanza kazi 2015, unamhusu aliyekatwa na mashine akiwa ameajiriwa. Mkulima aliyeumia kwenye shamba lake hayumo. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa 2023, na swali la kuiuliza ni kama kitita chake kitahesabu soketi mpya na matengenezo, au mkono mmoja wa kuanzia tu.

Upande wa ubunifu, Afrika ina la kuonyesha. Mwaka 2011 seremala wa Johannesburg, Richard van As, alikatwa vidole na msumeno, akashirikiana na Mmarekani Ivan Owen kubuni Robohand, mkono wa kuchapwa ambao michoro yake iliachwa wazi kwa yeyote. Nchini Uganda, hospitali ya CoRSU ilijaribu kupima vigutu kwa skana na kuchapa soketi za miguu badala ya kuchonga plasta. Somo la CoRSU linaifaa Morogoro kuliko la vidole. Skana inabebeka hadi Mgeta, vipimo vinatumwa kwa fundi Dar au Moshi, na kinachosafiri mlimani ni soketi, mgonjwa akibaki karibu na kwake. Mji ambao panya wa shirika la APOPO pale Chuo Kikuu cha Sokoine wamefundishwa kunusa mabomu ya ardhini, wakaokoa viungo vya watu Msumbiji na Kambodia, hauna sababu ya kushindwa kulea karakana ndogo ya soketi.

Mpangilio wa kazi

Kutokana na haya yote, mpangilio wa matumizi ya fedha unajitokeza wenyewe. Kwanza ni kinga: vizuizi kwenye korona na mashine za kukoboa, na mifupa iliyovunjika kufika hospitali kabla banzi hazijaua mkono. Pili, daktari anayekata ampeleke mgonjwa kwa fundi wa viungo kabla hajatoka wodini, maana ile miezi 6 inaanza kuhesabika siku hiyo. Tatu, fundi mwenye makao Morogoro na siku zake za kwenda mlimani. Nne, mvaaji kuonyeshwa aina zote tatu na kuulizwa kazi zake kabla ya kupimwa. Baada ya hapo bioniki ije, kwa wale ambao maisha yao yanaidai, pamoja na mkataba wa vipuri na mafunzo.

Wafadhili wanaopenda kukabidhi mikono mbele ya kamera nao wapewe kipimo. Idadi ya mikono iliyogawiwa haielezi kitu. Waende mwezi wa sita baada ya sherehe, nyumba kwa nyumba, Kinole hadi Nyandira, waulize swali moja: jana uliuvaa kwa saa ngapi, na ulifanya nao nini? Mradi ambao majibu yake ni mafupi usipewe fedha za awamu ya pili mpaka uwe umetafuta fundi.